Dakika Thelathini na Tano za Kitunda

Mwezi uliopita nilikwenda Lindi kwenye harusi ya mjukuu wa Zena, na pilau ilipokwisha kuliwa Zena akaomba kipaza sauti. Nilijua kinachokuja. "Jamani, huyu bibi mnene anayejificha nyuma ya sinia ni mtani wangu, anaitwa Somoe," akasema. "Mwaka ule wa kuchambua korosho yeye alibaki na chumba mjini, mimi nikahamia ng'ambo, Kitunda, kwa akili yangu mwenyewe. Njia nimeipima kwa saa ya mkononi, siku tatu! Sasa mie Mngindo wa Likawage, ningejulia wapi kwamba maji ya bahari nayo yanabadilishaga zamu?" Ukumbi mzima ukacheka. Mimi ni Mmwera, na Wamwera na Wangindo ni watani, kwa hiyo nilisimama nikamjibu kama inavyonipasa, kwamba kwao Likawage hata ndoo ya maji wanaiamkia shikamoo. Wakacheka tena, na Zena akacheka kuliko wote, akifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Ameisimulia hadithi ile mazikoni, kwenye ngoma na kwenye maulidi, na kila anapoisimulia mjinga ni yeye. Mtani hakasirikiwi wala haombwi radhi, ndiyo desturi, na desturi hiyo imenifaa sana. Waliokuwa wakijua ukweli wake wameshakufa, nimebaki mimi, na miguu yangu imeanza kuvimba. Nauandika kabla uvimbe haujafika kifuani.

Ulikuwa mwaka mmoja katika ile miaka ya ruksa, maduka yalipojaa sabuni za kila rangi na watu wakakosa kazi ya kuwawezesha kuoga nazo. Ushirika haukuwa tena mnunuzi wa peke yake wa korosho. Tajiri mmoja alikuja na malori yake, akapanga ghala kuukuu karibu na bandari, akataka wanawake wa kuchambua: korosho nzima huku, zilizotoboka huku, changa na zilizooza kule. Tulikaa chini kuzunguka turubai, ungo mapajani, vumbi likituingia puani mpaka kamasi zikawa za kahawia. Kazi ilikuwa ya watu arobaini na waliokuwa wakiitaka walikuwa zaidi ya mia. Msimamizi, Bwana Athumani, aliyekuwa karani wa ushirika zamani, alitengeneza vibati arobaini kwa makopo ya mafuta ya kupikia, akavitoboa namba kwa msumari na kuvitunga kwenye waya. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi alifungua mlango mdogo wa lango na kuvigawa kwa kadiri watu walivyofika. Kibati cha arobaini kikishatoka, lango lilifungwa, hata kama uliyebaki ulikuwa umeshika komeo. Orodha yake ilikuwa na majina zaidi ya arobaini, na aliyekosa siku tatu katika wiki moja jina lake lilifutwa, akaandikwa mwingine. Hapakuwa na kubembelezana. Tangu siku ile wanawake wa Lindi walianza kuulizana jambo ambalo hatukuwahi kuulizana: kutoka kwako mpaka langoni ni dakika ngapi?

Mimi na Zena tulikuwa tumepanga chumba kimoja mtaa wa Ndoro, kwa Bi Rukia, mjane mwenye ulimi mkali na mkono mpole. Toka kwake mpaka langoni ilikuwa dakika nane, na kwa ajili ya dakika hizo tulikuwa watu wa kuonewa kijicho. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja cha kamba tulicholala mzungu wa nne, kichwa chake miguuni pangu, dirisha la ubao lisilofunga sawasawa, na ukuta wa chokaa ulioacha weupe kwenye kila nguo. Jioni tulikula uani na Bi Rukia, ugali wa muhogo kwa kisamvu, na siku za neema dagaa. Zena alikuwa na desturi ya kumega tonge la kwanza na kulisogeza upande wangu wa sahani, bila kusema kitu. Nilikuwa nalila na kumchukia. Niseme wazi, maana umri wa kujipamba umenipita: nilimwonea wivu. Alikuwa amekuja kutoka porini miezi mitano tu, naye akawa mchambuaji mwepesi kuliko sisi tuliozaliwa na harufu ya bandari. Bwana Athumani alimwita kila alipotaka kuwaonyesha wageni kazi nzuri. Bi Rukia alimwita "mwanangu Zena," mimi akaniita "we Somoe." Utani ukanipa njia ya kumchoma mchana kweupe, naye akanishukuru kwa kumchekesha.

Ndipo mtoto wa Bi Rukia akapunguzwa kazi kiwandani Dar es Salaam, akaandika kwamba anarudi nyumbani na mkewe. Bi Rukia alitwambia tukiwa tunakula. "Wanangu, chumba kile ni cha mwanangu, sina la kufanya. Imebaki ile stoo ya kando ya jiko. Inaingia mtu mmoja, tena asiwe na miguu mirefu. Zungumzeni wenyewe, mwisho wa mwezi mniambie." Zena akaendelea kumega ugali. Mimi nilishaingia stoo ile moyoni, nimeshatundika na chandarua. Kilichonitia hofu ni mama yake Zena. Mama yule alikuwa ameletwa kutoka Likawage wiki hiyo hiyo, akilala kwa muda chumbani kwa Bi Rukia, macho yote mawili yana mtoto wa jicho, na hospitali walikuwa wamemwambia asubiri daktari wa macho anayezunguka mikoani. Siku yake haikujulikana. Anaweza kuja mwezi ujao, anaweza kuja baada ya miezi mitatu, na asiyekuwepo siku hiyo asilaumu mtu. Nikawaza kwamba mtu mwenye mama kipofu atahurumiwa, na mimi nisiye na kipofu nitaambiwa nikahangaike.

Zena akaanza kutafuta mahali. Alikuwa na saa ya mkononi ya kiume iliyomcheza mkononi kama bangili, na kila tulipotoka ghalani alikwenda mtaa mmoja, kesho yake alfajiri akautembea kutoka huko mpaka langoni huku akiitazama. Nimeona watu wanaonunua viwanja siku hizi, na magari yao, hakuna anayepima kama Zena alivyopima. Mitwero aliikataa mapema: kutembea ni mbali, na gari la kupakia njiani huja linapotaka. Mtanda, juu ya kilima, palikuwa na chumba cha kiasi; kuteremka ni dakika ishirini na tano, ila maji yanapandishwa kichwani na chumba hakina ua wa mgonjwa kukaa kivulini. Kitunda, ng'ambo ya maji, palikuwa na vyumba viwili kwa kodi ya kimoja cha mjini, ua wenye ukuta wa makuti, na mama mwenye nyumba aliyekuwa tayari kumwangalia mzee mchana kutwa. Sharti lake kodi ya miezi sita itangulie. Mtumbwi wa kuvushia uliondoka kukipambazuka. Zena aliupima siku tatu mfululizo, akilala kwa mwenye nyumba yule: toka mlangoni mpaka ufukoni, kusubiri abiria wajae, kuvuka, kushuka, mpaka langoni. Siku ya kwanza dakika thelathini na nne, ya pili thelathini na tano, ya tatu thelathini na tano tena.

Mtu wa pwani ameshaelewa. Maji hayana saa moja ya kudumu. Kila siku kujaa kwake huchelewa karibu saa nzima, kwa hiyo yakiwa yamejaa alfajiri ya wiki hii, alfajiri ya wiki ijayo yamekupwa, na mtumbwi umelala kwenye tope na nahodha anakunywa uji. Watoto wa Ndoro wanalijua hili kabla ya kujua kuvaa viatu. Zena alijua kwamba maji hutoka, alikuwa ameyaona yakitoka mchana, lakini alidhani yana ratiba kama jua, mchana yanatoka na asubuhi yamerudi. Kwao Likawage hakuna kitu kikubwa namna ile kinachobadili saa zake, na hakuna aliyewahi kumweleza, kwa sababu hakuna anayemweleza mwenzake jambo ambalo kila mtu analijua.

Siku ya tatu nilivuka naye jioni yake, kwenda kuona nyumba. Maji yalikuwa yamejaa mpaka kwenye mizizi ya mikoko. Ndani ya mtumbwi tulikuwa kama watu kumi, na Zena kwa furaha akamwambia nahodha, Mzee Selemani, kwamba anahamia kwao na atakuwa mteja wake wa kila siku, saa kumi na mbili kasorobo. Nyuma yangu wanawake wawili wa Kitunda wakanong'onezana. "Kila siku?" mmoja akasema. "Ngoja maji yakupwe wiki ijayo, atayajua." Nikaanza kukohoa na kuuliza kwa sauti bei ya pweza. Lakini Mzee Selemani naye alikuwa ameacha kupiga kasia. Akamtazama Zena usoni, kwa huruma, nikaona anafungua mdomo. "Mwanangu," akasema, "habari ya maji umeulizia? Maana maji haya..." Nikamkata. "Mzee wangu, shikamoo, mwache Mngindo huyo!" nikasema. "Kwao maji wanayaona ndotoni. Ukimweleza habari za bahari leo, usiku mzima atakojoa kitandani!" Mtumbwi mzima ukaangua kicheko mpaka ukayumba. Hata wale wawili walicheka. Mzee Selemani alisita, akauliza, "Kumbe watani?" Nikasema watani, tena wa damu. Akatikisa kichwa, akatabasamu, akarudia kasia lake, maana mtani akimshika mtani wake mtu wa tatu hukaa pembeni. Aliyecheka zaidi alikuwa Zena. Alinipiga begani akasema, "Somoe, utaniua mwanamke weye."

Kule Kitunda tulikaribishwa mihogo ya kuchemsha na samaki wa kukaanga, tukala tumekaa kwenye jamvi uani. Nyumba ilikuwa nzuri, sina la kuitia kasoro, upepo ulipita mlango hadi mlango. Mwenye nyumba alimsifia Zena kila kitu isipokuwa kile kimoja, kwa kuwa alikuwa na vyumba vya kupangisha. Alipoingia ndani kuleta chumvi, Zena alinigeukia, na safari hii hakuwa akitania. "Mtani, we mtoto wa hapa," akasema. "Mimi roho yangu ilikuwa Mtanda. Kule najua nateremka kwa miguu yangu, simtegemei mtu. Lakini mama atapenda hapa. Nambie kweli, hii dakika thelathini na tano ni ya kutegemea?" Nakumbuka mfupa wa samaki ulikuwa umenikwama kwenye jino na nilikuwa nauvuta kwa kucha. Nilikuwa na muda wa kutosha wa kufikiri. Niliona vibati arobaini kwenye waya, nikaona na wanaovigombea, ukimtoa mmoja. "Si umepima mwenyewe siku tatu?" nikamjibu. "Saa yako inakudanganya?" Akaitazama saa, akasema, "Haya, basi." Kesho yake akalipa kodi ya miezi sita.

Alihama na mama yake wiki mbili baadaye, siku ya Ijumaa, maji ya alfajiri yakiwa yamerudi kujaa, mimi nikimbebea godoro mpaka ufukoni, nikiimba. Siku tano alifika langoni kabla ya wengi, nguo kavu, akinionyesha saa kwa mbali na kucheka. Kisha maji yakaanza kumtoka. Siku ya kwanza mtumbwi ulikwama kidogo tu, akafika anahema, akapata kibati cha thelathini na tisa. Siku iliyofuata hakutokea mpaka tumekwisha kukaa kwenye turubai. Tulisikia lango linagongwa. Kupitia wavu wa lango nilimwona: tope limempanda mpaka mapajani, khanga imening'inia kwa uzito, ndala moja mkononi na ya pili imebaki baharini. Alikuwa ameshuka mtumbwini mbali na ufuko akaja anachomoa mguu mmoja mmoja. "Vimekwisha," akasema Bwana Athumani, hata hakuinuka. "Bwana Athumani, baba, tulikwama, maji hayakuwepo," akasema Zena. "Mtani wangu yumo humo, muulizeni, anajua nimepima. Somoe! Mwambie!" Watu wakanigeukia. Ningeweza kusema chochote. Bwana Athumani alikuwa akimpendelea, huenda angemwongezea kibati cha arobaini na moja. Mimi nikasema, "Mngindo, nani alikwambia uje kwa miguu? Maji ukiyavuka hivyo si yatakung'ata!" Ghala likacheka, vumbi likaruka kwenye nyungo. Na yeye, Mungu anisamehe, amesimama na tope lile, akacheka pia. Ndivyo tulivyofundishwa. Halafu akageuka, akakaa nje kwenye jiwe kusubiri maji yajae apate kurudi, na kila nilipoinua kichwa niliona mgongo wake.

Kesho yake akakosa. Keshokutwa aliamka saa tisa akakaa ufukoni gizani akimngoja Mzee Selemani, lakini kuamka mapema hakuleti maji, mtumbwi hauelei juu ya tope kwa sababu una haraka. Akakosa mara ya tatu. Bwana Athumani alifuta jina lake kwa rula, mstari ulionyooka, mbele yetu sote, kisha akaita jina la mwanamke wa Mikumbi aliyekuwa akisubiri kwa majuma. Zena alizunguka mwezi mzima akitafuta vibarua, akafua nguo za watu, akauza kisamvu cha kutwanga, mama yake ameshika ncha ya khanga yake wakati wa kupanda na kushuka mtumbwini. Kuhama hakuweza, kodi ilikuwa imeshaliwa. Mwishowe wakakosa hata unga, akasema bora warudi Likawage, kule angalau mihogo ni yao. Wiki tatu baada ya kuondoka kwao daktari wa macho alikuja. Nilipita hospitali siku hiyo nikaona wazee wamekaa kwenye baraza, bendeji nyeupe machoni, wanauliza kama kuna mtu wa kuwashika mkono. Mama yake Zena aliishi miaka mingine kumi na moja bila kuuona uso wa mtu. Kila nikisoma siku hizi matangazo ya viwanja, dakika kadhaa tu kutoka mjini, huwa nasema kwa sauti, peke yangu chumbani, mwongo mkubwa weye, na sijui nalisema tangazo au nani.

Siku ya kuondoka kwao lori la Nangurukuru lilikuwa la asubuhi, kwa hiyo walikuja kulala kwa Bi Rukia, kwenye mkeka ubavuni mwa stoo yangu. Asubuhi Zena alikwenda kuulizia lori, mimi nikabaki jikoni na Bi Rukia tukimenya mihogo. Alikuwa amenuna tangu alipoamka. "Stoo hii nilimpa yeye," akasema, bila kuniangalia. "Siku ile ile niliyowatangazia, mlipokwisha kula. Nilimwambia, mwanangu, wewe una mgonjwa, ingia wewe, nitawabana hivyo hivyo. Akakataa. Akasema Somoe amezaliwa Ndoro, akitoka hapa atakonda, mimi mgeni popote ni pangu. Ndiyo maana akaanza kuzunguka na saa yake." Akatupa ganda. "Na alishamwekea mtu wa Mtanda miadi. Akaja kuniaga, akasema, nilikuwa niende Mtanda, lakini Kitunda mtani wangu kanihakikishia." Nikaendelea kumenya. Kisu kilikuwa butu, nakumbuka, na muhogo ulikuwa na mzizi mgumu katikati. Dakika ishirini na tano kutoka Mtanda, mimi stoo yangu, yeye chumba chake, vibati viwili, na macho ya mama. Kila kitu kilikuwa kimeshapangwa, na mimi sikuhitaji kusema uwongo wowote ili nipate nilichokipata.

Niliwasindikiza mpaka kwenye lori. Zena alipanda juu kwanza kupanga mzigo, akaniachia mama yake nimshike. Mama alikuwa mwepesi, mkono wake mkavu, na aliutafuta uso wangu kwa vidole mpaka akaupata, akapitisha kwenye paji, kwenye mashavu, akatulia kwenye kidevu. Nikasema, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu," akasema. "Ndiye Somoe huyu? Zena ananiambia ulimsaidia sana kutafuta nyumba." Juu ya lori Zena akacheka akasema mama, usimsifu Mmwera, atavimba kichwa. Mama hakucheka. Aliinua viganja vyake viwili mbele ya macho yale meupe, akaniombea dua, taratibu, kwa sauti ya kusikika na abiria wote. "Mwenyezi Mungu akulipe, mwanangu, sawasawa na ulivyomtendea mtoto wangu. Akulipe hapa duniani na akulipe na kesho akhera."

Watu wote wakaitikia amina. Walinitazama, wakingoja na mimi niseme, na mimi nikasema.